Nyavu Mbichi za Nakawa

Baba yangu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia kitu kibichi kikiwekwa. Shati likitolewa kwenye kamba na unyevu kidogo tu kwapani, alilirudisha juani. Kuni alizigeuza upande huu na upande huu. Hata kitambaa cha kushikia sufuria alikipapasa kabla ya kukitundika msumarini. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Katwe, nyuma ya mafundi wa mabati, na mvua ya Katwe haina adabu. Inajaza mtaro na kuingia chini ya mlango bila hodi. Kwa hiyo baba hakukosa kazi ya kufanya hata siku moja. Majirani walimcheka, na mimi nilicheka nao.

Ugonjwa ule aliutoa kwetu, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Zamani hizo nyavu zilikuwa za pamba. Wavu wa pamba ukitoka majini lazima uanikwe mpaka ukauke kabisa, la sivyo unaozea ndani ya mikunjo yake. Baba alikuwa kijana alipofuma wavu wake wa kwanza kwa mkono, kiangazi kizima. Siku moja ya mvua akaukunja mbichi, akaenda harusini kijiji cha pili. Aliporudi siku ya nne na kuushika, ukamvunjikia vidoleni kama mkate uliolowa chai. Kisa hicho alinisimulia mara nyingi kuliko alivyonisimulia kifo cha mama. Kila aliposimulia, aliishia kutazama vidole vyake.

Vita vilipotukimbiza nilikuwa na miaka kumi. Tulifika Kampala na sufuria moja na blanketi. Baba akapata kazi Port Bell, kuvuta nyavu za mtu mwingine ndani ya mtumbwi wa mtu mwingine, na jioni alipewa samaki wawili, ngege wa ziwa lile, siku mbaya mmoja. Hakulalamika juu ya chumba, wala juu ya chakula, wala juu ya wanaotuita wakimbizi hata baada ya miaka kumi ya kukaa pale. Alilalamika jambo moja tu.

"Mutu hana wavu yake si muvuvi," aliniambia. "Ni mukono ya kukodi."

Alitaka wavu wake mwenyewe. Sikumbuki akitaka kitu kingine maishani, na kama alitaka, hakunionyesha.

Lakini ile ilikuwa miaka ya jeshi. Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa na maduka yao yakagawiwa watu wenye bunduki na jamaa zao. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu mpaka kikaisha, kisha wakasimama mlangoni wakishangaa kwa nini hakuna kinachojijaza chenyewe. Sabuni haikuwapo. Sukari ilikuwa hadithi. Nyuzi za nyavu ndizo kabisa hukuziona. Wavuvi walikuwa wanachambua matairi mabovu ya magari ili wapate nyuzi za kuziba matundu. Mtu wa namna ya baba, mgeni asiye na ndugu jeshini, kupata wavu mpya wakati ule ilikuwa ndoto ya mchana.

Ndipo msaada ukaja. Serikali ya nchi moja ya mbali, yenye baridi, iliamua kuwasaidia wavuvi wa Uganda. Ilileta mashine za mitumbwi na marobota ya nyavu za nailoni, vyote vimepigwa chapa ya bendera yao. Mashine hatukuziona zaidi ya wiki moja. Nyavu zilibaki, kwa sababu hazikuwa nyavu bado. Zilikuja kama kitambaa kinavyokuja dukani, robota zima bila kamba, bila maboya ya kuelea, bila risasi ya kuzamisha, na mwizi hana haraka na kitu ambacho hakijashonwa. Wakatafuta wanawake wa kuzivisha kamba kwenye ghala moja la Nakawa, kule kwenye viwanda. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kazi ile nilikuwa naijua tangu utotoni, kwa vidole, kabla sijajua kusoma.

Tulikuwa kumi na wawili. Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja Mganda, tuliyemwita nyabo kwa heshima, mnene, mkali, mwenye daftari ambalo halikutoka kwapani. Juu yake alikuwako koplo kutoka kaskazini, kijana mpole kwa kadiri askari wa siku zile alivyoweza kuwa mpole. Yeye Kiganda hakukijua, na Kiingereza alikikwepa. Alizungumza Kiswahili cha kambini, nami nikawa mtu wake wa kuzungumza naye.

"Wewe nasema Kiswahili kama redio," aliniambia siku ya kwanza. Tangu siku hiyo akaniita Redio.

Kazi yenyewe inataka subira. Unachukua pima mbili za wavu na kuzibana kwenye pima moja ya kamba, ili macho ya wavu yafunguke vizuri majini. Ukibana sana wavu unakuwa gunia, ukilegeza sana unakuwa ukuta na samaki anauona. Risasi tuliletewa na mafundi wa Katwe, walioyeyusha betri za magari. Maboya ndiyo yalikuwa kitendawili. Karatasi zilisema yamefika. Koplo alizunguka ghala zima na karatasi mkononi, akatafuta hata chooni, akarudi.

"Karatasi nasema iko," alituambia. "Macho yangu nasema hapana iko. Sasa tufanye nini?"

Yule mama akavua kandambili yake moja, akaikata vipande vinne kwa kisu, akafunga kipande kimoja kwenye kamba. Akakitupa ndani ya pipa la maji, kikaelea. Basi tukaambiwa kila mtu alete kandambili kuukuu. Wavuvi wa Port Bell walikuwa wakifanya hivyo siku zote, lakini hatukudhani msaada wa serikali ya Ulaya nao ungevaa kandambili. Zilikuja kwa magunia, kutoka kambini, kutoka sokoni, za mguu mmoja, za watoto, zenye alama za vidole vya watu. Nyavu zetu zikawa na maboya mekundu, buluu, manjano na kijani. Tulicheka sana. Wakati ule ukipata sababu ya kucheka uliitumia mpaka iishe.

Kila Ijumaa alikuwa anakuja mtaalamu wa kizungu, mwembamba, shingo nyekundu, viatu vikubwa visivyofaa popote. Karani wa ofisi ya ghala alimtafsiria kwa Kiganda, nami nikamnong'oneza koplo kwa Kiswahili. Siku moja alileta vipande viwili, kimoja cha wavu wa pamba na kimoja cha nailoni, akavitia ndani ya ndoo ya maji na kuificha nyuma ya mlango. Akasema tusiviguse. Baada ya wiki nyingi, tumekwisha kusahau, akaitoa ile ndoo. Maji yalinuka. Akamshikisha mama wa daftari kile kipande cha pamba, kikamkatikia mikononi. Kisha akatupitishia kile cha nailoni, mmoja mmoja, tuvute. Nilivuta mpaka uzi ukanikata kidole. Haukukatika.

"Anasema wavu huu hauozi," karani alitafsiri. "Anasema hata ukiutupa mbichi ndani ya pipa mwaka mzima, utaukuta kama ulivyouweka."

Siku hiyo nilirudi Katwe na habari kubwa. Baba alikuwa nje, anaanika mkeka uliolowa. Nikamwambia, nikijifanya natania:

"Baba, zile nyavu za Nakawa, wanasema hazihitaji kuanikwa."

"Nani anasema?"

"Mtaalamu. Mzungu."

"Ule wa viatu?" Nilikuwa nimemsimulia juu ya vile viatu. Akacheka hadi akashika kiuno. "Mutoto yangu, kitu inaingia mu maji, inatoka, haianikwe? Wewe sasa unataka kunifundisha kuanika wavu?"

"Hapana, baba," nikasema.

Nilikusudia kuja na kipande kimoja nyumbani, nikiloweke kwenye beseni mbele ya macho yake, ajionee. Sikukileta. Nilikuwa narudi nimechoka, vidole vimevimba, na tena sikuona haraka. Baba hakuwa na wavu, wa pamba wala wa nailoni, na asiye na wavu ana haja gani ya somo la nyavu? Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Kisha ikaandikwa orodha ya wavuvi wa Port Bell watakaopewa nyavu. Iliandikwa na mkuu wa mwalo, pale ufukoni mitumbwi inaposhusha samaki, na wageni hawakuwamo. Nilipomuuliza baba alisema haidhuru, lakini chakula hakikumshuka. Kesho yake nikamfuata koplo ghalani, nikamwambia wazi kwamba baba yangu ni mvuvi kuliko wote walioandikwa. Nilikuwa na kiburi cha kijana, na nilikuwa najua ananipenda kidogo.

Koplo alifikiri. Kulikuwa na sherehe ya kukabidhi nyavu, akasema, na wakubwa wanataka mvuvi mmoja wa kusema mbele ya redio, kwa Kiswahili, kwa sababu mkubwa mwenyewe wa jeshi atakuja na hataki kusikiliza Kiganda.

"Baba yako naweza kusema kama wewe?"

"Anasema kunishinda."

"Basi natia jina yake." Akalitia, pale pale, mbele yangu, kwa kalamu yake mwenyewe.

Mpaka leo naona mkono wake ukiandika. Mimi ndiye niliyemtia baba kwenye orodha ile. Naweza kuilaumu serikali ile mpaka kesho, na inastahili, lakini hilo ni langu.

Nilipomwambia, baba aliacha alichokuwa anaanika. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akatoka tena. Akavua kandambili zake, akanipa. Za buluu, nene, ya kulia ikiwa na tundu kisiginoni alilolishona kwa waya mwembamba.

"Tia hizi," akasema. "Wavu yangu ielee na viatu vyangu."

"Na wewe utavaa nini?"

"Samaki ya kwanza itaninunulia zingine."

Wavu wake niliuvisha mimi mwenyewe, sikumruhusu mwanamke mwingine auguse. Kila fundo nililifunga mara mbili. Kipande chenye waya nilikiweka mwanzo kabisa wa kamba, pale anaposhika mvuvi anapoanza kuvuta. Baba akawa anakwenda Port Bell miguu mitupu, akipita kwenye vyuma vya Katwe kwa ncha za vidole, akitabasamu peke yake. Sijawahi kumwona na furaha namna ile, na kusema kweli iliniogopesha kidogo.

Sherehe iliahirishwa mara tatu. Kila mara tulifagia ghala, tukafundishwa wimbo, kisha tukaambiwa mkubwa amepata safari. Mara ya nne akaja. Balozi wa ile nchi ya baridi alikuwako, na mke wake, na yule mtaalamu wa viatu, na bendi ya jeshi, na sisi wanawake wa Nakawa tumevalishwa gomesi za kuazima, yale magauni marefu ya Kiganda. Wavuvi wakapanga mstari na kila mmoja akakabidhiwa wavu wake. Kisha baba akaingia majini na wavu wetu, na wenzake walipomsaidia kuuvuta akapatikana ngege mzuri, mpana, akipiga mkia. Picha zikapigwa. Kipaza sauti cha redio kikapelekwa mdomoni mwake. Akaishukuru serikali yetu na serikali yao kama alivyofundishwa, kisha akaongeza lake, ambalo hakufundishwa:

"Na huu wavu nitautunza."

Wageni walipotafsiriwa hilo wakapiga makofi. Mke wa balozi alifuta macho.

Wageni waliondoka saa nane. Saa tisa lori la jeshi likarudi nyuma mpaka ufukoni, sajini mmoja akaruka chini. Koplo wetu hakuwako. Alikuwa amekwenda na msafara.

"Nyavu yote narudi ghala," sajini akatangaza. "Iko ya kuweka salama. Mutapewa siku ingine. Haraka!"

Hakuna aliyeuliza swali. Wavuvi wale walikuwa wenyeji wa miaka ile, walielewa mara moja. Walichukua nyavu zao, nyingine zimelowa kwa kujaribiwa majini, nyingine hazijaguswa maji, wakazitupa ndani ya lori kama mtu anavyotupa takataka, bila kutazamana usoni. Mmoja alicheka. Mwingine aliutemea mate wake kabla ya kuutupa.

Baba alisimama na wavu wake begani, maji yanamtiririka mgongoni. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, na wenzangu, tunasubiri lori la pili litupeleke Nakawa.

"Afande," akasema, kwa heshima zake zote, "hii ingali mbichi. Wavu haikunjwi mbichi, itaoza, ni mali ya serikali. Acha niianike. Kesho asubuhi nitaileta mwenyewe Nakawa, ikiwa kavu."

Sajini alimtazama kuanzia miguu mitupu hadi kichwani. Nadhani alidhani ni kichaa. Kisha akacheka, akampiga bega.

"Sawa, muzee. Kausha vizuri."

Akapanda lori, likaondoka.

Nimeishi na dakika ile kwa zaidi ya miaka arobaini. Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeuvuta uzi ule kwa mkono wangu, nilikuwa na alama yake kidoleni. Ningesema, "Baba, hauozi, mpe," yakaisha. Aibu ilinizuia, ndiyo. Binti hamsahihishi baba yake juu ya nyavu mbele ya wanaume na askari. Lakini nikisema aibu tu nitakuwa nadanganya. Nilinyamaza pia kwa sababu nilitaka alale nao usiku mmoja. Wavu wake, wenye viatu vyake. Niliona mzee amewapata kwa ujanja asioujua mwenyewe, nikafurahi moyoni.

Asubuhi nilimpelekea chai kabla ya kwenda kazini. Usiku alikuwa amelala pale pale mwaloni, chini ya miti aliyouanikia. Jua lilikuwa limetoka muda si mrefu. Alikuwa anaupapasa wavu jicho kwa jicho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeshangaa.

"Imekauka haraka hii," akaniambia. "Jana, kabla jua haijazama, ilikuwa imekwisha kukauka. Pamba inataka siku nzima."

"Ni nailoni, baba."

"Ndiyo," akasema, na safari hii hakucheka. "Labda ule wa viatu alisema kweli."

Alikunywa chai amesimama. Kisha akaanza kuukunja, mkono kwa mkono, kamba ya maboya huku, kamba ya risasi huku, kama alivyonifundisha. Alipokuwa anafunga fundo la mwisho, Landrover ikaja. Haikuwa na yule sajini. Walishuka watu wanne, wawili hawakuvaa sare. Nyavu zilihesabiwa ghalani, wakasema, na umepungua mmoja. Nani ameiba mali ya serikali?

Baba aliuinua kwa mikono miwili, kama mtu anayempokea mtoto.

"Hii hapa," akasema. "Nilikuwa ninaileta. Imekauka."

"Panda gari."

"Sajini ya jana aliniruhusu. Mumuulize."

"Panda!"

Wakampakia, na wavu wakamtupia mapajani. Nilipiga kelele, nikashika mlango, mmoja wa wale wasio na sare akanisukuma nikaanguka kwenye tope. Baba alinitazama kutoka ndani. Hakuwa na hofu, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliona ni kosa la kuhesabu, litanyooshwa Nakawa, kwa sababu wavu upo na ni mkavu.

"Enda kazini," akaniambia. "Usichelewe."

Nilikwenda kazini. Nilikimbia kutoka Port Bell mpaka Nakawa na nguo zangu zimejaa tope, nikijua nitamkuta pale, wamemleta na wavu wake, koplo anacheka. Wavu ulikuwa umefika. Ulikuwa umewekwa juu ya lundo, umekunjwa vizuri, na fundo la baba. Yeye hakuwamo.

Koplo alinivuta nyuma ya ghala. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Redio, sikia. Mimi iko niliandika jina yake. Wewe naenda kuuliza, wao nauliza nani aliandika mugeni kwa orodha. Sasa tutakuwa watu tatu." Akainua vidole vitatu. "Usiulize."

Niliuliza. Nilikwenda kwenye geti la kambi moja, wakaniambia nije kesho. Nilikwenda kwenye geti jingine, wakaniuliza mimi ni wa nchi gani. Nilikwenda kwa padri wa Wakongo, akaliandika jina la baba kwenye karatasi yenye majina mengi, akaikunja karatasi na kuitia ndani ya kitabu cha nyimbo. Baada ya mwezi koplo alihamishwa, hakuniaga. Baada ya miezi miwili niliacha kwenda kwenye mageti, si kwamba nilikubali, ila miguu ilikataa. Kazi sikuacha. Watu wameniuliza kwa nini niliendelea kushona nyavu zile. Nilikuwa na njaa. Na pale ndipo wavu wake ulipokuwa.

Mtaalamu wa viatu hakurudi tena. Kilichorudi ni kitabu chembamba cha picha, kilichochapishwa kwao, kikapachikwa ukutani ofisini. Ukurasa wa kwanza alikuwa baba, majini mpaka magotini, amemwinua yule ngege, meno yote nje. Karani alinisomea maneno ya chini: mvuvi wa Uganda akifurahia wavu wake mpya. Nilimwomba ukurasa ule. Akasema ni mali ya ofisi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, tukaambiwa serikali nyingine inakuja, ya nchi nyingine, nayo inataka kusaidia wavuvi. Wageni watataka kuona nyavu zikikabidhiwa. Yale maboya yaliyopotea yalikuwa yamepatikana, meupe, mapya, kwenye ghala la mtu fulani. Tukaamriwa tutoe nyavu za Port Bell, tukate kandambili zote, tutie maboya meupe, zionekane nyavu nyingine, mpya.

Hakuna wavu hata mmoja uliokuwa umemrudia mvuvi. Zilikuwa bado kwenye chumba cha ndani, gizani, kama zilivyotupwa siku ya sherehe, mbichi, moja juu ya moja. Mlango ulipofunguliwa harufu ilitutoa machozi. Maji yalikuwa yamekaa chini ya lundo muda wote ule, meusi, mazito. Juu kabisa ulikaa wavu wa baba, mkavu, umekunjwa mkono kwa mkono.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliinama juu ya lundo lile nikiomba ziwe zimeoza. Nilimwomba Mungu kwa nguvu zangu zote. Zikimong'onyoka mikononi mwangu, zote, basi mzee atakuwa alisema kweli, na mimi sikuwa na neno la kusema siku ile ufukoni.

Nilizamisha mkono mpaka chini, nikatoa wavu uliokaa ndani ya maji kuliko yote. Ulikuwa na utelezi, na magamba ya samaki yamegandamana. Nikalishika jicho moja kwa vidole viwili, nikavuta. Nikavuta jicho la pili. Nikauzungusha uzi kiganjani na kukanyaga upande mwingine kwa mguu, nikavuta kwa mwili wangu wote, mpaka damu ikatoka.

Mama wa daftari alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa puani, kalamu tayari.

"Ngapi zimeoza?" akaniuliza. "Niandike."

"Hakuna, nyabo," nikasema. "Hata moja."

Akaandika. Nikautandaza wavu wa baba sakafuni, nikatafuta mwanzo wa kamba, pale penye kipande cha buluu kilichoshonwa kwa waya, nikachukua kisu.